Kiwanda kisichoweza kusimama: kisa cha Smithfield mjini Sioux Falls

Jumapili ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 2020, kampuni ya Smithfield Foods ilitangaza kwamba inakifunga kiwanda chake cha Sioux Falls, jimbo la South Dakota, bila kutaja siku ya kukifungua tena. Kiwanda hicho kilikuwa kikichinja nguruwe wapatao 19,500 kwa siku, kikiajiri watu wapatao 3,700, na kikitoa peke yake kati ya asilimia 4 na 5 ya nyama yote ya nguruwe ya Marekani. Mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Ken Sullivan, alionya kwamba kufungwa kwa kiwanda hicho pamoja na vingine vya aina yake kunaiweka nchi karibu kabisa na uhaba wa nyama.

Onyo hilo lilipokelewa kama habari nyingine ya korona. Ukilisoma polepole, lina jambo zito zaidi. Nchi yenye watu milioni 330, yenye mahindi na soya hadi upeo wa macho, inatishika kukosa nyama kwa sababu jengo moja limefunga milango katika mji wenye watu wasiofika laki mbili. Udhaifu wa namna hiyo hauletwi na kirusi ndani ya wiki tatu. Hujengwa kwa miaka, na watu wenye akili, wanaohesabu senti. Ninavyoona mimi, kiwanda cha Sioux Falls mwaka 2020 kilifanya kile hasa kilichoundwa kukifanya. Na tasnia ya kuchakata nguruwe ya Marekani, pamoja na yote yaliyoipata tangu hapo, bado inategemea muundo uleule.

Msomaji asiyekula kitimoto asikimbie. Mnyama ni mhusika mmoja tu katika kisa hiki, na kuna wahusika wengine wanaotuhusu kwa karibu. Wataalamu wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, walipokikagua kiwanda mwezi huo wa Aprili waliandika kwamba wafanyakazi wake wanazungumza lugha zipatazo 40. Wakazitaja kumi kubwa: Kiingereza, Kihispania, Kikunama, Kiswahili, Kinepali, Kitigrinya, Kiamhara, Kifaransa, Kioromo na Kivietinamu. Yaani katika mji wa tambarare baridi za katikati ya Marekani, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha kuu za kukata nyama. Si ajabu sana. Katika miaka iliyotangulia, Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya wakimbizi waliopokewa Marekani, na kazi ya kwanza ambayo mkimbizi asiyejua Kiingereza huipata haraka katika majimbo yale ni kiwanda cha nyama.

Jengo na wenye jengo

Kiwanda kilifunguliwa mwaka 1909 na kampuni ya John Morrell, kando ya mto Big Sioux, na wenyeji wengi wa umri mkubwa bado wanakiita kwa jina la Morrell. Smithfield, iliyoanzishwa Virginia mwaka 1936 na Joseph W. Luter na mwanawe, iliinunua Morrell mwaka 1995. Mwaka 2013 Smithfield yenyewe ikanunuliwa na Shuanghui ya China, ambayo leo inajulikana kama WH Group, kwa dola bilioni 4.7, au bilioni 7.1 ukijumlisha madeni iliyoyabeba. Hadi wakati huo hakuna kampuni ya China iliyokuwa imetoa fedha nyingi kiasi hicho kununua kampuni ya Kimarekani. Mantiki ya ununuzi ilikuwa wazi: Wachina walikuwa wanakula karibu nusu ya nguruwe wa dunia, kufuga Marekani ni rahisi kwa sababu ya chakula cha mifugo, na mlaji wa China, baada ya kashfa kadhaa za nyama yenye dawa, alikuwa tayari kulipia nyama ya kutoka nje.

Kabla ya hapo kulikuwa na mabadiliko mengine, na haya ndiyo yaliyoamua nani asimame wapi ndani ya kiwanda. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 mfanyakazi wa viwanda vya nyama Marekani alilipwa vizuri kuliko wastani wa viwanda vingine. Bucha alikuwa fundi. Kisha kampuni mpya, IBP ikiwa mbele, zikahamisha machinjio kutoka miji mikubwa kama Chicago zikayapeleka karibu na mashamba. Zikachukua kazi ya fundi zikaipasua kuwa mikato midogo midogo, kila mmoja mtu anaweza kuufahamu ndani ya siku chache. Vyama vya wafanyakazi vilipambana: mgomo wa kiwanda cha Hormel mjini Austin, Minnesota, wa mwaka 1985 na 1986, ulikuwa mchungu na uliishia kushindwa, na Morrell ya Sioux Falls nayo iligoma mwaka 1987. Mishahara ikashuka, Wamarekani wa kuzaliwa wakaanza kuikimbia kazi hiyo, nafasi zao zikajazwa na wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, halafu Asia ya Kusini-Mashariki, halafu Afrika. Wakati huohuo kampuni zenyewe zilikuwa zinamezana. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni nne kubwa zilichinja karibu theluthi moja ya nguruwe wote wa nchi. Leo ni takriban theluthi mbili.

Kisu kimoja, mkato mmoja

Ili kuelewa kwa nini ugonjwa uliruka kama ulivyoruka, lazima uingie ndani. Nguruwe hufikishwa kwa malori, hupoozwa fahamu, huchinjwa, hutiwa maji ya moto na kunyolewa, hutolewa matumbo, hupasuliwa katikati, kisha nusu mizoga hulala kwenye baridi kali hadi nyama ikaze. Siku ya pili inaingia chumba cha kukatia: paja upande huu, bega upande ule, kiuno, mbavu, na ubavu wa chini ambao ndio unakuwa bekoni. Baada ya hapo kuna idara za kuondoa mifupa, kutia chumvi, kufukiza moshi, kusaga soseji, kufungasha.

Kila hatua inakwenda kwa mwendo wa mkanda. Kanuni ya Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa viwanda vya nguruwe vilivyo chini ya ukaguzi wa kawaida inaweka kikomo cha nguruwe 1,106 kwa saa. Gawanya mwenyewe: nguruwe mmoja kila sekunde tatu na kidogo. Mfanyakazi anasimama mahali pake na kisu chake, anakata mkato wake, mkanda unamletea mwingine. Jirani yake wa kushoto yuko umbali wa mkono, wa kulia vilevile, na mbele yake kuna mtu anayetazamana naye. Kelele za mashine ni kubwa, hivyo anayetaka kusikika anapaza sauti. Hewa ni baridi. Saa ya mapumziko ikifika mamia wanavua aproni kwa pamoja na kwenda chumba kimoja cha chakula.

Msongamano huo hautokani na uzembe wa mhandisi. Kila mita ya sakafu yenye ubaridi inagharimu fedha, na visu vingi kwenye mita moja maana yake ni nyama nyingi kwa saa moja. Ukiwatenganisha watu kwa mita mbili, ama upunguze mwendo wa mkanda, ama ujenge jengo jingine. Kwa hesabu ya kawaida ya biashara, yote mawili ni hasara.

Takwimu za CDC zilizotoka Agosti 2020 zinaliunga mkono jambo hilo bila kutia chumvi. Kati ya tarehe 16 Machi na 25 Aprili, wafanyakazi 929 walithibitika kuambukizwa, sawa na asilimia 25.6 ya wote, na pamoja nao watu 210 waliokutana nao. Idara zilizoathirika zaidi zilikuwa za kuchinja, kukata, na kubadilisha nyama kuwa bidhaa, kila moja karibu asilimia 30. Wanaolipwa kwa saa waliambukizwa kwa asilimia 26.8, wenye mshahara wa mwezi kwa asilimia 14.8. Nazitilia mkazo namba hizi kwa sababu siku zilezile msemaji wa kampuni aliwaambia waandishi kwamba maisha ya nyumbani ya baadhi ya jamii si kama ya familia ya kawaida ya Kimarekani. Kwamba wahamiaji wanakaa wengi katika nyumba moja ni kweli. Kodi ni kubwa na mshahara ni mdogo. Lakini mpangilio wa ugonjwa ulifuata ramani ya mkanda, idara kwa idara.

Kutoka mgonjwa mmoja hadi 644

Mgonjwa wa kwanza wa kiwanda alijulikana kwa idara ya afya ya jimbo tarehe 24 Machi. Siku mbili baadaye gazeti la mji liliandika habari hiyo na kampuni ikaikubali, ikisema kiwanda kitaendelea. Iliahidi pia bonasi ya dola 500 kwa watakaomaliza zamu zao zote hadi mwisho wa Aprili. Kampuni ilieleza kwamba aliyekosa kazi kwa sababu ya korona naye angelipwa. Huenda ni kweli. Lakini ujumbe wa bonasi ya mahudhurio unaeleweka kwa lugha zote 40 kabla ufafanuzi wake haujatafsiriwa hata kwa moja.

Kufikia tarehe 11 Aprili wafanyakazi wa kiwanda walikuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa jimbo zima waliokuwa bado hawajapona. Gavana Kristi Noem, ambaye alikuwa amekataa kuwafungia watu wa South Dakota ndani, aliungana na meya Paul TenHaken kuandika barua ya kuiomba kampuni isimamishe kazi kwa siku 14. Kesho yake ndipo likaja tangazo la Pasaka. Tarehe 15 Aprili wagonjwa waliohusishwa na kiwanda walikuwa 644, na kwa siku hizo hakukuwa na sehemu nyingine moja Marekani yenye wagonjwa wengi kiasi hicho kutoka chanzo kimoja, hata ile meli ya kivita ya Marekani, Theodore Roosevelt.

Wataalamu wa CDC walikuja, wakakagua, wakaandika mapendekezo. Toleo la kwanza la barua yao liliondolewa, na siku iliyofuata likatoka jingine ambamo mapendekezo yalikuwa yamelegezwa kwa maneno ya aina ya “ikiwezekana”. Mtu aliyewahi kuandika ripoti ya ukaguzi kwa mwenye nguvu anajua kazi ya neno “ikiwezekana”.

Nguruwe hawasubiri

Upande wa pili wa ukuta walikuwepo wafugaji, na hapa ndipo kisa kinapopata uzito ambao watu wa mjini hawakuuona. Kiwanda cha Sioux Falls kilipokea nguruwe kutoka familia zipatazo 550.

Nguruwe jike hubeba mimba siku 114. Wafugaji wa kule huhesabu miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Vitoto huachishwa ziwa vikiwa na wiki tatu hivi, huhamia banda la kulelea, kisha banda la kunenepeshea. Miezi sita tangu kuzaliwa mnyama ana kilo zaidi ya 120 na siku yake ya kupanda lori imekwishapangwa. Siku hiyohiyo banda linaoshwa, kwa sababu kundi jingine liko njiani. Kwa hiyo nguruwe waliotakiwa kuchinjwa Pasaka ya 2020 mimba zao zilitungwa katikati ya mwaka 2019, wakati hakuna mtu duniani aliyekuwa amesikia habari ya korona. Ni bomba la maji lisilo na tangi: ukifunga mwisho, linapasuka katikati.

Wafugaji walijaribu kila kitu. Walibadilisha chakula ili wanyama wasinenepe haraka. Walipandisha joto la mabanda ili hamu ya kula ipungue. Waliwauzia majirani nguruwe mmoja mmoja, na mabucha wadogo wa vijijini wakajikuta wana foleni ya miezi mbele. Ila nguruwe wa kufugwa kisasa huongeza karibu kilo moja kwa siku, na mnyama akizidi ukubwa fulani mashine za kiwanda hazimwezi na bei yake inakatwa. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, uwezo wa nchi nzima wa kuchinja nguruwe ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 40, maana Sioux Falls haikuwa peke yake. Viwanda vya kampuni nyingine kubwa za nyama, Tyson na JBS, navyo vilikuwa vimefunga. Kiwanda cha JBS cha Worthington, Minnesota, kama kilomita 100 kutoka Sioux Falls, kilirudisha wafanyakazi wachache kwa kazi moja tu: kuua nguruwe ambao hawataliwa, kwa uwezo wa hadi 13,000 kwa siku. Kwingine wafugaji waliwaua ndani ya mabanda yao. Mizoga ilizikwa au ikageuzwa mboji, na miezi hiyohiyo mistari ya magari mbele ya vituo vya kugawa chakula cha msaada ilikuwa mirefu kuliko ilivyopata kuonekana kwa miaka mingi.

Bei nazo zilisema ukweli wake. Bei ya nguruwe hai ilianguka kwa sababu hakuna wa kuwapokea. Bei ya nyama dukani ikapanda kwa sababu haitoshi. Kati ya mfugaji na mlaji palikuwa na mlango mmoja mwembamba, na mwenye mlango ndiye aliyeuziwa kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu.

Amri ya rais na faini ya dola 13,494

Tarehe 28 Aprili Rais Donald Trump alisaini amri chini ya sheria ya uzalishaji wa ulinzi, iliyotungwa wakati wa vita vya Korea, kuvitaja viwanda vya nyama kuwa miundombinu muhimu inayotakiwa kuendelea na kazi. Mwaka 2022 kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi ilionyesha kwamba wanasheria wa Tyson walikuwa wameandaa rasimu ya amri ya namna hiyo na tasnia ikaipeleka serikalini kabla rais hajasaini. Kamati hiyohiyo ilikuwa imetoa hesabu mwaka 2021: katika kampuni tano kubwa za nyama, wafanyakazi wasiopungua 59,000 waliambukizwa katika mwaka wa kwanza wa janga na 269 walikufa.

Hoja ya amri ilikuwa njaa ya Wamarekani. Hata hivyo mwezi huohuo wa Aprili tani zipatazo 129,000 za nyama ya nguruwe zilisafirishwa kutoka Marekani kwenda China, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa. Watetezi wa kampuni walijibu kwamba mikataba ya nje inasainiwa miezi mingi kabla, na kwamba masikio, miguu na matumbo yanayopelekwa China Mmarekani hayagusi. Jibu lina ukweli ndani yake. Halielezi kwa nini mtu aliyesimama kwenye mkanda aliambiwa anahatarisha maisha yake kwa ajili ya meza ya jirani yake.

Sioux Falls ilianza kurudi kazini kidogo kidogo mapema Mei, ikiwa na vizuizi vya plastiki kati ya watu, barakoa na upimaji. Mwezi Septemba mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA (jina linafanana na la wakala wetu wa Tanzania), ilitoa uamuzi: wafanyakazi wasiopungua 1,294 waliambukizwa, wanne walikufa, na kampuni ilikosa kuwakinga na hatari inayojulikana. Faini ilikuwa dola 13,494. Ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho sheria iliruhusu kwa kosa moja la aina hiyo. Ukiigawa kwa waliougua, kila mmoja anapata dola 10 na senti kadhaa. Kampuni ilipinga, ikisema ilifanya yote yaliyowezekana katika wiki ambazo hata hospitali hazikuwa na barakoa, na miongozo ya serikali kwa viwanda vya nyama ilitoka baada ya kiwanda kuwa kimefungwa. Novemba 2021 pande mbili zilikubaliana: faini ileile, pamoja na mpango wa kujiandaa kwa magonjwa ya kuambukiza.

Nguvu ambayo sheria haikuwa nayo ilitokea kwingine. Juni 2021, mkataba wa pamoja ulipokuwa unaisha, asilimia 98 ya wanachama wa chama cha wafanyakazi waliopiga kura waliidhinisha mgomo. Walidai walipwe sawa na wenzao wa JBS kule Worthington. Mgomo haukufanyika; kampuni iliongeza mishahara kwa mkataba wa miaka minne. Watu walioitwa mashujaa mwaka mmoja nyuma walikuwa wamejifunza bei ya siku moja ya mkanda kusimama.

Ujerumani waliamua tofauti

Anayedhani hayo yote yalikuwa ajali ya Marekani atazame Rheda-Wiedenbrück. Juni 2020, kiwanda cha nguruwe cha Tönnies katika mji huo wa Ujerumani kilipata wagonjwa zaidi ya 1,400, na wilaya nzima ya Gütersloh ikawekewa masharti upya. Wafanyakazi wengi walikuwa Waromania na Wabulgaria walioajiriwa na kampuni za mawakala, wakilala kwenye vyumba vya wakala, wakisafirishwa kwa basi la wakala. Ubaridi uleule, msongamano uleule.

Tofauti ilikuja baadaye. Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ambayo tangu mwaka 2021 inazikataza kampuni kubwa za nyama kutumia wafanyakazi wa mawakala katika kuchinja na kukata. Wanatakiwa waajiriwe na kiwanda chenyewe. Sheria hiyo haikuugeuza mkanda kuwa mahali pazuri pa kazi. Iliondoa tu uwezo wa mwenye kiwanda kusema kwamba huyu si mtu wangu. Marekani, kwa mshtuko ule ule, ilitoa amri ya kuendelea kuchinja.

Kinachokuja

Baada ya 2020 tasnia ilipata pigo la aina nyingine: faida ilikauka. Homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, iliingia China mwaka 2018 na kuua sehemu kubwa ya nguruwe wa nchi hiyo. Miaka miwili mitatu China ilinunua nyama kila mahali. Kisha ikajenga upya, safari hii kwa majengo ya ghorofa ya kufugia, moja lao mjini Ezhou lina ghorofa 26. Ununuzi ukapungua, na Mexico ndiyo ikawa mteja mkubwa wa Wamarekani. California nayo ilipiga marufuku kuuza nyama ya nguruwe ambaye mama yake amefungiwa katika nafasi isiyofika futi za mraba 24, kama mita za mraba mbili na robo, na Mei 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuibatilisha sheria hiyo. Smithfield ilikuwa imeshafunga kiwanda chake cha Vernon, California. Mwaka 2024 Tyson ilifunga cha Perry, Iowa: watu wapatao 1,300 katika mji wa watu 8,000 hivi.

Angalia sasa Smithfield inaelekea wapi. Kampuni iliyowahi kufuga nguruwe zaidi ya milioni 17 kwa mwaka inapunguza mashamba yake, na mipango yake inataja takriban milioni 10. Faida iko kwenye bekoni iliyokatwa, hemu na soseji zenye jina la kampuni. Sehemu hiyo ya biashara ilileta zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka wakati ufugaji unakula hasara. Januari 2025 WH Group iliirudisha Smithfield kwenye soko la hisa la Marekani, safari hii Nasdaq, kwa dola 20 kwa hisa, chini ya zile 23 hadi 27 ilizotarajia. Kwa mfugaji, tafsiri yake ni rahisi: hatari ya banda inarudishwa kwake, na pakiti inabaki kwa kampuni. Sioni tatizo la mwaka 2020 likipungua kwa njia hiyo. Mlango mwembamba unabaki mmoja, na aliye nje anabeba mzigo zaidi.

Mashine? Zinakuja, polepole kuliko wauzaji wake wanavyosema. Kupasua mzoga katikati mashine inaweza vizuri, na Denmark, ambako mshahara ni mkubwa, zimekwenda mbali. Kutoa mfupa wa paja bado ni kazi ya mkono, kwa sababu nguruwe wawili hawalingani na kisu kinachofuata mfupa kinahitaji kuhisi. Kwa miaka mingi ijayo tasnia hii itahitaji watu.

Na hapo ndipo inapojikwaa sasa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, mlango ambao Wakongo wengi walipitia. Mwaka huohuo ilifuta vibali vya muda vya Wahaiti, Wakuba, Wavenezuela na Wanikaragua, na kiwanda cha nguruwe cha JBS cha Ottumwa, Iowa, kikawaarifu wafanyakazi wapatao 200 kwamba hawaruhusiwi tena kufanya kazi. Njia ya zamani ya kujaza mkanda inazibwa. Ile nyingine, ya kulipa mshahara utakaomrudisha kijana wa Iowa kwenye kisu, hakuna kampuni iliyoichagua kwa hiari.

Kilichochaguliwa ni mwendo. Mwaka 2019 Wizara ya Kilimo iliviruhusu viwanda vinavyoingia mfumo mpya wa ukaguzi kuvuka kikomo cha 1,106. Chama cha wafanyakazi kilikwenda mahakamani, na Machi 2021 jaji wa Minnesota akakifuta kipengele hicho kwa kuwa wizara haikuzingatia usalama wa wafanyakazi. Serikali iliyofuata ikaja na majaribio: viwanda vichache viende kasi, kwa sharti la kukusanya takwimu za majeraha. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya wizara hiyo, uliotoka Januari 2025, ulikuta asilimia 46 ya wafanyakazi wa nguruwe waliopimwa wako katika hatari kubwa ya kuumia misuli na viungo. Mwezi Machi 2025 waziri wa kilimo, Brooke Rollins, aliongeza muda wa vibali vya kasi, akatangaza kwamba vitaandaliwa kuwa kanuni ya kudumu, na akaviondolea viwanda wajibu wa kupeleka takwimu za usalama wa wafanyakazi.